Kilichosalia na Kilichotengenezwa

Vitu vya kuchezea vya watoto havikuzoea kupewa nafasi katika mijadala ya wenye elimu. Hudhaniwa kuwa ni vitu vidogo, na kwamba kitu kidogo hakizai swali kubwa. Lakini wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Gari moshi la kuchezea, ambalo mtoto huweza kulibeba kwa mkono mmoja, laweza kumfikisha mtu penye swali lililowasumbua wenye hekima wa Uyunani wa kale: kitu ni nini, na ni lini hukoma kuwa kilivyokuwa? Tena nyuma ya swali hilo liko jingine lililo zito zaidi, maana la kwanza ni la akili na la pili ni la dhamiri: mtu aliyekitengeneza kitu kilichoharibika, akakirudishia sura yake ya mwanzo, ana deni gani kwa yule atakayekipokea baada yake?

Asili ya vitu hivi yajulikana. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionyesha magari moshi ya kuchezea yenye njia za reli za vipimo maalumu, hata mtoto akaweza kununuliwa kichwa mwaka huu, behewa mwaka ujao, na vipande vya reli mwaka wa tatu, na vyote vikapatana. Huko Marekani Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900. Na mjini Liverpool Frank Hornby alianza kuuza magari yake mwaka 1920. Bati lilikatwa, likakunjwa, likaungwa kwa ndimi ndogo zilizopenyezwa katika matundu na kupindwa upande wa ndani. Mengine yalipakwa rangi na kuokwa katika tanuri. Mengine yalipigwa chapa ya rangi nyingi bati lingali tambarare, kabla ya kukunjwa. Mengine yaliendeshwa kwa kamani kama ya saa, mengine kwa umeme.

Watoto waliyachezea kama watoto wachezavyo: waliyagonganisha, waliyaangusha ngazini, waliyasahau katika mvua. Yaliyosalia yalitiwa katika masanduku na kuwekwa darini. Watoto wale walipokuwa watu wazima, wenye fedha kidogo na kumbukumbu nyingi, wengine wao walirudi kuyatafuta. Mwaka 1954 baadhi ya watafutaji hao walikutana katika mji wa Yardley, Pennsylvania, wakaunda chama cha wakusanyaji kiitwacho Train Collectors Association, ambacho makumbusho yake yako Strasburg katika jimbo lilo hilo. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kiharibiwe na mtoto kikawa kitu cha kuhifadhiwa na mzee. Na bei yake ikapanda kwa kadiri ilivyokuwa vigumu kukipata.

Penye thamani huzuka hila, na penye hila huzuka elimu ya kuifichua. Wakusanyaji waliweka daraja za hali ya kitu, kutoka 1, ambayo ni takataka, mpaka 10, ambayo ni kitu kisichopata kutumiwa tangu kilipotoka kiwandani. Waliweka pia kanuni kwamba kitu kilichopakwa rangi upya, au kutiwa viungo visivyo vyake, sharti kitajwe hivyo kinapouzwa. Lakini kanuni ni mlinzi asiye na macho. Macho sharti yawe ya mtu. Ndipo wakusanyaji walipojifunza kusoma bati kama msomi asomavyo hati ya kale.

Dalili ni nyingi, na kila moja ina sababu yake. Ndimi za bati zilipindwa mara moja tu kiwandani. Fundi atakaye kulifungua gari apate kulipaka rangi hana budi kuzinyosha, kisha kuzipinda tena. Na bati lililopindwa mara mbili huonyesha ufa, au alama ya koleo, au hukatika kabisa. Rangi nayo hutoa ushahidi. Rangi iliyofunika kibonyeo ilikuja baada ya kibonyeo, na rangi iliyolala juu ya kutu ilikuja baada ya kutu; maana kiwanda hakikupaka rangi juu ya majeraha ambayo mtoto alikuwa bado hajayatia. Rangi iliyookwa tanurini miaka themanini iliyopita huwa imekauka na kuwa ngumu, na mara nyingi huwa na mipasuko myembamba kama ya udongo wa kiangazi. Rangi mpya ni laini, huingia katika mistari na herufi zilizochongwa na kuzifanya butu. Chini ya taa ya miali ya urujuani isiyoonekana kwa macho, rangi mbili zilizofanana mchana huweza kung'aa kwa namna mbili mbalimbali. Hata parafujo yaweza kusema: ile yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea viwandani baada ya mwaka 1936, na ikionekana katika gari la mwaka 1925, basi gari hilo limepata kufunguliwa na mkono usio wa kiwanda.

Dalili hizi zote zina shabaha moja. Mkusanyaji haulizi kama gari ni zuri. Gari lililopakwa rangi jana, na fundi hodari, mara nyingi ni zuri kuliko lile lisiloguswa. Huuliza kama gari linasema kweli juu ya maisha yake. Hapo swali la bati limekwisha kuwa swali la maadili, ingawa mwenye kuuliza pengine hana habari.

Msomaji wa falsafa atalikumbuka jahazi la Theseus. Plutarch alisimulia kwamba watu wa Athene walihifadhi jahazi la shujaa huyo, wakawa wanaondoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakabishana: hawa wakisema kuwa ni jahazi lile lile, hawa wakisema kuwa silo. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, aliongeza fumbo: na kama mtu angezikusanya zile mbao kuukuu moja moja, akaziunga tena kwa mpango ule ule, lipi lingekuwa jahazi la Theseus? Mtu wa pwani hahitaji kwenda Athene kulielewa fumbo hili. Kila chombo kinachopandishwa pwani kubadilishwa mbao na kutiwa kalafati ni jahazi la Theseus. Na nahodha wake hapotewi na usingizi kwa sababu hiyo. Kwake chombo ni kile kile maadamu kina jina lile, umbo lile, na kazi ile.

Jibu la nahodha ni zuri kwa chombo cha kusafiria, lakini halitoshi kwa kitu kilichohifadhiwa. Chombo hupendwa kwa kazi kitakayoifanya kesho. Kitu cha kale hupendwa kwa yale kilichoyashuhudia jana. Ubao mpya waweza kufanya kazi ya ubao wa kale, lakini hauwezi kushuhudia yale ambayo haukuwapo. Hii ndiyo sababu watu wawili waweza kulitazama gari moja la bati, mmoja akaliita zima na mwingine akaliita bovu, na wote wawili wakawa na haki. Mtoto atakaye kuona magurudumu yakizunguka hadhulumiwi na rangi mpya. Mwenye kununua ushahidi ndiye anayedhulumiwa, kwa kuwa ameuziwa shahidi ambaye hakuwapo.

Wala haifai kudhani kuwa utengenezaji wenyewe ni kosa. Viko vitu ambavyo visipotengenezwa hufa. Viungo vingi vya magari hayo, hasa magurudumu, vilimiminwa kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine. Na pale ambapo zinki haikuwa safi, kwa kuingiwa na chembe za risasi, chuma hicho kilianza kuugua kutoka ndani. Huvimba, hupasuka, na mwisho huwa unga, hata kama gari limefungiwa kabatini na halikuguswa na mtu. Magari mengi ya miaka ya 1920 na 1930 yalipatwa na ugonjwa huo. Atakayesema kuwa magurudumu hayo yasibadilishwe ataishia kuwa na gari lililokaa juu ya tumbo lake. Kubadilisha gurudumu la namna hiyo si udanganyifu. Ni tabibu kumpa kiwete mguu wa mti. Lakini mguu wa mti una adabu yake: hausemi kuwa ni mguu wa nyama.

Hapa huja hoja ya wale wasemao kuwa ushahidi usioonekana si kitu. Husema: kama fundi ni hodari hata jicho, wala taa, wala kioo cha kukuzia havioni tofauti, mnunuzi amepoteza nini? Anaona kile kile ambacho angaliona, anafurahi kwa furaha ile ile, na bila shaka atakufa nayo. Hoja hii ina nguvu, na si haki kuipita kwa dharau. Lakini inakosea mahali pawili. Kwanza, yachukulia kuwa mtu hutaka kuona tu, wala hataki kujua. Mtu aliyepewa barua ya marehemu mama yake, iliyonakiliwa na mwandishi hodari kwa hati ile ile, amepata maneno yote ya mama. Na hata hivyo akiambiwa ukweli moyo wake utashuka, si kwa sababu macho yamepungukiwa, bali kwa sababu mkono alioutaka haukupita juu ya karatasi ile. Pili, hoja hii humfanya ujinga wa mnunuzi kuwa ngao ya muuzaji. Ikiwa dhuluma isiyojulikana si dhuluma, basi mwizi hodari ana haki kuliko mwizi goigoi, na ustadi umegeuzwa kuwa wema.

Mfano mmoja wa kweli waonyesha jinsi jambo hili lilivyo na tabaka nyingi. Mwaka 1957 kampuni ya Lionel ilitoa gari moshi lililokusudiwa wasichana. Kichwa chake, ambacho kwa kawaida kilikuwa cheusi, kilipakwa rangi ya waridi, na mabehewa yake yakapewa rangi nyororo mbalimbali. Wasichana hawakulitaka; inaonekana kuwa waliotaka gari moshi walitaka linalofanana na gari moshi. Bidhaa ikakaa madukani, na husimuliwa kuwa baadhi ya wenye maduka walivipaka vichwa hivyo rangi nyeusi ili viuzike. Miaka ikapita, na kwa kuwa yaliyonunuliwa yalikuwa machache, gari lililokataliwa likawa gari linalogombewa. Ndipo wenye hila walipotwaa vichwa vyeusi vya kawaida vya aina ile ile, wakavipaka rangi ya waridi, wakaviuza kuwa ni vya mwaka 1957.

Afanyaye hivi hatendi kosa moja bali mawili. La kwanza laonekana: amedai historia isiyokuwako. La pili hufichika: ameifuta historia iliyokuwako. Kichwa cheusi alichokifunika kilikuwa kweli ndogo, lakini kweli. Labda kilizunguka chini ya meza ya nyumba moja kwa miaka kumi. Sasa kimekuwa ushahidi wa uongo, na hata siku hila itakapofichuliwa, na waridi kukwanguliwa, weusi wa kwanza hautarudi.

Na ikiwa masimulizi ya wenye maduka ni kweli, litokee basi gari la namna ya pili: la waridi kwa asili, lililopakwa weusi dukani. Fundi wa leo akiondoa weusi huo, je, amelirudisha gari katika ukweli au ameutoa ukweli katika gari? Waridi ni nia ya kiwanda; weusi ni hukumu ya wanunuzi. Yote mawili yalitokea. Anayekwangua weusi huchagua tarehe moja katika maisha ya kitu na kuiita asili, na tarehe nyingine zote huziita uchafu. Pengine uchaguzi huo ni sawa, pengine si sawa. Lakini ni uchaguzi, na mtu aliyechagua hana haki ya kujificha nyuma ya neno asili kana kwamba kitu chenyewe ndicho kilichoamua.

Mgogoro huu ulikuwako katika mambo makubwa kabla ya kufika katika madogo. John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za ujenzi, aliona kuwa kulirudishia jengo sura yake ya zamani ni uongo tangu mwanzo mpaka mwisho, maana roho ya fundi aliyekufa haiitiki. Huko Ufaransa mjenzi Viollet-le-Duc alishika njia nyingine, akaona kuwa kulirudisha jengo ni kulifikisha katika ukamilifu ambao pengine halikupata kuwa nao wakati wowote. Mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice walipita katikati: walikubali kwamba kutengeneza kwaruhusiwa, ila kukome pale makisio yaanzapo, na kwamba sehemu mpya zipatane na nzima lakini ziweze kutambulikana na zile za asili. Kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya makanisa na majumba, lakini hekima haiulizi ukubwa wa nyumba. Fundi wa magari ya bati anayetia alama ndogo na tarehe upande wa chini wa gari, mahali ambapo haiharibu uzuri wala haimfichi mtafutaji, ametii kanuni ya Venice bila kuisoma.

Alama hiyo ni ndogo, na uzito wake wote uko katika mambo yatakayotokea fundi asipokuwapo. Na afikiriwe fundi mwaminifu, apendaye kazi yake, anayelitengeneza gari la babu yake kwa ajili ya wajukuu. Halitii alama, maana hana nia ya kuliuza, na nyumbani kwake kila mtu anajua. Fundi anakufa. Mwanawe analiuza, akisema kwa moyo safi kuwa ni gari la babu wa baba yake, na asema kweli. Mnunuzi analiuza kwa mwingine, akirudia maneno aliyoyasikia. Mkono wa nne ukilifikia gari, uongo umekwisha zaliwa, na hapana mwongo. Kila mmoja alisema alilolijua, na aliyejua lililobaki yu kaburini.

Sheria haina mtu wa kumshika hapa, lakini maadili yana la kusema. Kimya cha mtu mwema ni salama wakati mwenyewe yu hai kuweza kuulizwa. Akifa, kimya chake hurithiwa pamoja na mali yake, na warithi hukitumia wasivyojua. Ndiyo maana wajibu wa kusema kweli hauishii katika kutosema uongo. Unamtaka mtu aiweke kweli mahali ambapo itaonekana bila yeye.

Mnunuzi naye asihesabiwe kuwa hana dhambi. Yako mengi yatendwayo na wauzaji kwa sababu wanunuzi wameyaomba bila kuyataja. Mtu anayetaka gari la mwaka 1930 lisilo na mkwaruzo, na kulitaka kwa bei nafuu, na kutouliza swali lolote kwa kuogopa jibu, amemwalika mdanganyifu na kumwandalia kiti. Tena katika daraja za wakusanyaji mna kitendawili ambacho hakina budi kumfikirisha mtu: kitu chenye daraja ya juu kabisa ni kile ambacho mtoto hakukichezea hata siku moja. Kitu cha kuchezea kimesifiwa kwa kutofanya kazi yake. Na mikwaruzo, ambayo ndiyo alama pekee iliyoachwa na furaha ya mtoto, inahesabiwa kuwa upungufu. Basi si ajabu kwamba mafundi huifuta. Soko limewafundisha kuwa maisha ni doa.

Mwanachuoni akisoma haya asiyaone kuwa ni mambo ya mbali ya wazungu na vidude vyao. Yeye naye ana bati lake. Miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu katika Pate na Lamu imepita katika mikono mingi ya wanakili, na mchwa na unyevu havikuihurumia. Beti zimekatika, mizani imepungua, maneno yamefifia. Mhariri aliye na sikio zuri huweza kulijaza pengo kwa neno linalokaa vema kuliko hata lile lililopotea. Akilitia katika mabano, amelitengeneza gari na kutia alama upande wa chini. Asipolitia, amepaka rangi juu ya kutu. Na kwa kadiri alivyo mshairi hodari, ndivyo kosa lake litakavyodumu, kwa kuwa hapana mwanafunzi atakayelishuku. Baada ya miaka mia kamusi italitaja neno lake kuwa ni la kale, na kitabu cha sarufi kitajenga kanuni juu yake. Ustadi, ambao ulikuwa fahari yake, utakuwa ndio pazia la kweli.

Katika kipimo hiki wanadamu na vitu hupatana. Kila kitu kilichodumu kimepata kutengenezwa, na kisichopata kutengenezwa ama ni kipya ama kilifungiwa. Hakuna aibu katika kiraka. Mtu aliyeanguka akainuka hadaiwi kuwa kama yule asiyepata kuanguka. Anadaiwa tu asimnyime mwenziwe habari ambayo mwenziwe anajengea juu yake. Swali la kuliuliza gari la bati, na utenzi, na jengo, na hata mtu, si kama limebaki lilivyokuwa, maana jibu lake ni moja kwa vyote. Swali ni hili: lililobadilika, nani alilibadili, lini, na je, amekubali kutia jina lake chini?